Mbio ndefu za kwanza: Jifunze kwa vijana wa Kakuma

PENGINE wewe ni mwanafunzi wa chuo kikuu, au mama wa watoto watatu, au karani anayeketi ofisini tangu asubuhi hadi jioni. Uliona tangazo la mbio za kilomita 21 au 42, rafiki zako wakajiandikisha, nawe ukalipa ada kwa furaha. Sasa furaha imepungua na maswali yameanza. Je, nitamaliza? Nianzie wapi? Nile nini? Na je, naweza kudhurika?

Usione haya kuuliza. Kilomita 21 si mchezo, na kilomita 42 zimewaangusha watu wenye vifua vipana kuliko chako. Lakini pia si jambo la miujiza. Mtu mwenye afya ya kawaida, akijiandaa kwa miezi kadhaa na kwa utaratibu, anaweza kufika mwisho akiwa anatabasamu.

Huku kwetu mtu akitaka kujifunza mbio huelekezwa Iten au Eldoret. Si vibaya. Lakini mabingwa wa huko wana hewa ya milimani, wana makocha na wana wenzao mia moja wa kukimbia nao kila alfajiri. Wewe huna hayo yote. Ndiyo sababu leo tunakupeleka kwingine kabisa, katika jua la Lodwar na Kakuma, huko Turkana. Vijana waliotoka huko walianza kama unavyoanza wewe, tena wakiwa na kidogo zaidi ya ulicho nacho.

Pahali pa jua kali

Lodwar ndio makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Mji huo uko kando ya mto Turkwel, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, nao uko mbali na Kitale kwa kilomita zipatazo 300. Mchana, joto la Lodwar hufika mara nyingi nyuzi 35 na kupita, na mvua ya mwaka mzima ni haba sana. Ukiendelea kaskazini-magharibi kwa kilomita 120 hivi, unafika Kakuma, kando ya mto Tarach. Mto huo hufurika mvua ikinyesha, kisha hubaki mchanga mtupu kwa muda mrefu.

Wenyeji wa huko si wageni wa mwendo mrefu. Mchungaji hufuata mifugo yake kutwa nzima, na mama hutembea mwendo mrefu akitafuta maji. Mwanariadha Paul Ereng, aliyeipatia Kenya medali ya dhahabu katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, ni Mturkana.

Hapo Kakuma ndipo kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa mwaka wa 1992, ili kuwapokea maelfu ya watoto na vijana waliokuwa wakikimbia vita nchini Sudan. Leo kambi hiyo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, ina zaidi ya watu 250,000 kutoka nchi mbalimbali. Miongoni mwao wametokea wanariadha ambao dunia nzima iliwaona.

Kuzunguka kambi kwanza, mpira baadaye

Mmoja wao ni Lopez Lomong. Mwaka wa 1991, akiwa mtoto wa miaka sita, alitekwa na wanajeshi waasi kanisani kwao kusini mwa Sudan. Alitoroka pamoja na wavulana watatu waliokuwa wakubwa kuliko yeye, wakakimbia kwa siku tatu hadi wakaingia Kenya. Aliishi Kakuma miaka kumi.

Wavulana wa kambi walipenda kandanda kupita kiasi, lakini uwanja ulikuwa mdogo na wachezaji walikuwa wengi mno. Kama Lomong alivyosimulia baadaye, wakubwa waliweka sheria: anayetaka kucheza mpira sharti kwanza akimbie kuzunguka kambi yote. Mzunguko huo ulikuwa wa kilomita kama 30. Lomong alikimbia ili apate kucheza, na siku baada ya siku miguu yake ikazoea.

Mwaka wa 2000 alitembea kilomita kadhaa ili aitazame Olimpiki ya Sydney kwenye televisheni ndogo, akamwona Mmarekani Michael Johnson akishinda mita 400. Mwaka uliofuata alipelekwa Marekani, akapata wazazi wa kumlea na shule ya kusoma. Mwaka wa 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Mwaka wa 2019, huko Doha, alishika nafasi ya saba katika mbio za mita 10,000 za ubingwa wa dunia.

Sisemi uanze kwa kilomita 30, la hasha! Hiyo ingekuwa njia ya mkato ya kwenda hospitali. Jambo la kuzingatia ni kwamba Lomong hakukimbia kwa kupenda mateso. Kulikuwa na kitu alichokitaka upande wa pili wa zile kilomita. Nawe jiulize kabla hujafunga kamba za viatu: nakimbia kwa nini? Labda ni kupunguza shinikizo la damu ambalo daktari amekuonya juu yake. Labda ni kuchangia karo ya watoto maskini, kama mbio nyingi zinavyofanya siku hizi. Jibu liwe lako mwenyewe, kwa maana asubuhi ya baridi itakapofika, shauku ya rafiki zako haitakutoa kitandani.

Rose na kilomita zake 10

Mwingine ni Rose Nathike Lokonyen. Yeye aliwasili Kakuma mwaka wa 2002 akiwa na umri wa miaka 10 hivi, pamoja na wazazi na wadogo zake. Wazazi walirejea Sudan Kusini mwaka wa 2008, Rose akabaki kambini kuwaangalia wadogo zake. Akiwa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu alimshauri ajaribu mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi yoyote. Alikimbia, akawa wa pili.

Mwaka wa 2015, wakfu wa Tegla Loroupe uliandaa mashindano ya kuwateua vijana wakimbizi wenye vipaji hapo Kakuma. Loroupe unamkumbuka bila shaka. Ndiye yule binti wa Pokot Magharibi aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda New York Marathon mwaka wa 1994. Waliochaguliwa walipelekwa kwenye kambi ya mazoezi huko Ngong. Kati yao watano waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, iliyokuwa na wanamichezo 10, mjini Rio de Janeiro mwaka wa 2016: Rose, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro. Rose ndiye aliyebeba bendera.

Je, walishinda? Hawakushinda. Wote waliondolewa katika raundi ya kwanza. Rose alimaliza mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16, wa saba katika kundi lake. Anjelina alikimbia mita 1,500 kwa dakika 4 na sekunde 47, na Paulo umbali huo huo kwa dakika 4 na sekunde 3. Mabingwa walikuwa wamewatangulia kwa mbali.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, Anjelina alikimbia kwa dakika 4 na sekunde 31, na Paulo kwa dakika 3 na sekunde 51. Hawakupata medali safari hii pia, ila kila mmoja alikuwa amejishinda mwenyewe kwa sekunde zaidi ya kumi. Naye Biel, mwaka wa 2022, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Haba na haba hujaza kibaba. Wewe nawe mshindani wako wa kweli ni yule mtu uliyekuwa mwezi uliopita.

Usikurupuke

Vijana hao walipofika Ngong, wengi wao waliumia. James Nyang amewahi kueleza kwamba walipata majeraha kwa sababu ya viatu visivyofaa, na kwamba viatu vyenyewe waliazimana: mwenye jozi mbili alimpa asiye na kitu. Isitoshe, miili iliyokuwa haijazoea mazoezi mazito ilipewa kazi nyingi kwa muda mfupi.

Hili ndilo kosa la wanaoanza, mjini na kambini. Moyo na mapafu huzoea upesi, katika majuma machache tu. Mifupa, kano na viungo huchukua miezi. Kwa hiyo unajisikia una nguvu, unaongeza kasi, unaongeza umbali, na ghafla goti au mfupa wa muundi unaanza kuuma.

Kabla ya yote mwone daktari, hasa ikiwa umepita miaka 40, au una kisukari, pumu, shinikizo la damu, au kuna aliyefariki ghafla katika ukoo wenu kwa ugonjwa wa moyo. Kisha jipe majuma 16 ya kujiandaa kwa kilomita 21, ikiwa hujawahi kukimbia.

Katika majuma manne ya kwanza, toka siku tatu kwa juma, nusu saa kila mara. Kimbia dakika mbili, tembea dakika mbili, urudie. Usicheke, ndivyo mwili unavyofunzwa. Kila juma punguza kutembea na uongeze kukimbia, hata uweze kukimbia nusu saa bila kusimama.

Kuanzia juma la tano hadi la kumi, toka siku nne. Siku tatu ziwe fupi, na moja, labda Jumamosi, iwe ya mwendo mrefu. Mwendo huo uanze kwa kilomita 6 na uongezeke kidogo kidogo hadi 12. Kuanzia juma la 11 hadi la 14, upandishe mwendo mrefu hadi kilomita 16 au 18. Makocha wengi husema usiongeze jumla ya kilomita za juma kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kila baada ya majuma matatu, punguza ili mwili upumue.

Kasi je? Kimbia huku ukizungumza. Ukiweza kumaliza sentensi nzima bila kukatika pumzi, uko sawa. Ukishindwa, punguza. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mbio ndefu hufanywa polepole, lakini hata mabingwa hufanya hivyo.

Anayetaka kilomita 42, namshauri amalize kwanza kilomita 21. Halafu ajipe miezi mingine minne au mitano, na mwendo wake mrefu ufike kilomita 30 au 32. Si lazima akimbie zote 42 mazoezini.

Maumivu ya kawaida ya misuli hutokea baada ya siku moja au mbili, huenea pande zote mbili za mwili, kisha huisha. Maumivu ya hatari hukaa mahali pamoja, kwenye mfupa hasa, na huzidi kila unapokimbia. Hayo yakikupata acha kukimbia, uende ukapimwe. Kupumzika majuma mawili ni afadhali kuliko kuvunjika mfupa na kupoteza miezi mitatu.

Viatu

Utasikia wakikuambia kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960 bila viatu. Ni kweli. Lakini Bikila alikuwa na nyayo zilizokomazwa tangu utotoni, na wewe umevaa njuti tangu darasa la kwanza. Usimwige.

Huhitaji raba za bei ya kutisha. Unahitaji zinazokutosha, zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, zisizobana wala kupwaya. Hata zile za mtumba zinafaa ikiwa soli haijaisha upande mmoja. Zinunue jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana. La muhimu zaidi: usivae viatu vipya siku ya mashindano. Viwe vimekwisha kukimbia angalau majuma matatu au manne. Soksi nazo ni hivyo hivyo.

Jua, maji na hatari yake

Hapa ndipo Turkana inapokuwa mwalimu hasa. Mchana, watu hukaa kivulini, na hata mbuzi hutafuta mti. Kazi nzito hufanywa alfajiri na jioni. Mkimbiaji naye atoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, arudi kabla ya saa mbili.

Ikiwa unaishi Nairobi au Nakuru na mbio zako ziko Mombasa, Kisumu au pengine Lodwar kwenyewe, jua kwamba mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Katika siku hizo damu huongezeka maji, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea kwa jasho hupungua. Ukiweza, fika mapema na uanze kwa mazoezi mafupi. Usipoweza, punguza kasi yako siku ya mbio na usahau ule muda uliojiwekea.

Kiharusi cha joto huua. Dalili zake ni kuyumba, kuongea yasiyoeleweka, kukasirika bila sababu, kutapika, na hatimaye kuzirai. Ukimwona mwenzako hivyo usimwache aendelee eti amebakiza kilomita mbili. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mengi ya baridi, au mzamishe ndani yake ikiwa kuna karai kubwa au hodhi, huku kichwa kikishikiliwa juu ya maji. Mpepeeni bila kukoma huku msaada ukiitwa. Kumpoza kunatangulia, gari la hospitali linafuata. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa uhai.

Na maji? Kunywa ukisikia kiu. Wengi hudhani kwamba kadiri unavyokunywa zaidi ndivyo bora, na hapo ndipo wanapokosea. Maji yakizidi, chumvi katika damu hupungua mno na ubongo huweza kuvimba. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka wa 2002 waligundua kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Walio katika hatari zaidi ni wale wanaokwenda polepole na kunywa kila kituo. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi.

Baada ya mazoezi ya jua kali, kinywaji cha nyumbani chatosha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tena jihadhari na dawa za maumivu kama ibuprofen siku ya mbio. Ukiwa umepungukiwa na maji mwilini, zinaweza kudhuru figo.

Chakula cha mkimbiaji

Usibabaishwe na makopo ya unga wa nguvu yanayouzwa madukani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 kuhusu wanariadha hodari wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na vyakula vya wanga: ugali, wali, mkate, viazi na sukari ya chai. Maharagwe, maziwa, mboga na nyama kidogo vilikamilisha sahani. Chakula hicho kiko jikoni mwako.

Akiba ya wanga iliyo mwilini hukutosha kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha, miguu inakuwa kama imefungwa mawe. Kwa hiyo mbio zikizidi saa moja na nusu, kula kidogo njiani. Ndizi moja au mbili kwa kila saa, au glukosi iliyochanganywa na maji, inatosha. Jaribu hayo mazoezini kwanza, ujue tumbo lako linakubali nini.

Akina mama na wasichana waangalie madini ya chuma, kwa sababu hupungua kila mwezi, na upungufu huo huleta uchovu usioeleweka. Kula mchicha, terere, dengu, maharagwe na nyama ukipata. Chai usinywe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja.

Ukiwa mezani ukichagua kati ya wali na chapati, mkumbuke kijana wa Kakuma. Yeye hutegemea mgao, na katika miaka ya karibuni mgao huo umepunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha za wahisani. Kukimbia kilomita 15 kwa tumbo la namna hiyo ni kuchoma nguvu ambayo haina pa kurudishwa. Tena kwa muda mrefu mkimbizi hakuweza tu kupanda matatu kwenda kushindana Eldoret. Alihitaji kibali cha kutoka kambini. Vipaji vingapi vimebaki pale pale, hakuna anayeweza kuhesabu.

Michezo mitatu kwa mpigo

Kuna wasomaji wetu, hasa wanafunzi, wanaotamani triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia, yote kwa siku moja bila kupumzika. Iliingia katika Olimpiki mwaka wa 2000 huko Sydney: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, mbio 10. Ile ndefu zaidi, iliyoanzia Hawaii mwaka wa 1978 ambapo watu 15 waliondoka na 12 wakamaliza, ni ya kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 na marathoni nzima. Hebu fikiri: hizo 180 ni kutoka Lodwar hadi Kakuma, kisha nusu ya njia ya kurudi, halafu ushuke baiskeli ukimbie kilomita 42!

Ukilitamani shindano hilo, anza na lile fupi, na ujipe mwaka mzima au zaidi kabla ya lile refu. Kwa baiskeli na mbio kanuni ni zile zile tulizotaja. Zoea pia kukimbia dakika 15 mara tu unaposhuka baiskeli, maana miguu huwa mizito kama si yako. Barabarani vaa kofia ngumu na nguo zinazoonekana, na usiende peke yako.

Kuogelea ndiko kunakohitaji tahadhari kubwa. Jifunze kwa mwalimu, kwenye bwawa la kuogelea, hata kama unaona haya kujifunza pamoja na watoto. Usijifundishe mtoni au ziwani. Ziwa Turkana lina mamba wengi sana, na kuna mito mingi nchini yenye mamba au viboko. Ujasiri wa kuingia humo si mazoezi.

Juma la mwisho na siku yenyewe

Majuma mawili kabla ya mbio, punguza kilomita hadi nusu hivi. Utajisikia mvivu na kuwa na wasiwasi, hata vidonda vya kufikirika vitatokea. Usijaribu kufidia mazoezi uliyokosa. Mazoezi ya juma la mwisho hayaongezi nguvu, yanaongeza uchovu tu.

Siku tatu za mwisho ongeza wanga, lala mapema, na usijaribu chakula kigeni. Asubuhi ya mbio kula saa mbili au tatu kabla ya kuanza: mkate, ndizi, chai. Pakaa mafuta ya mgando panapochubuka. Nenda msalani mapema, foleni ni ndefu.

Bunduki ikilia, watu wataondoka kama swala. Waache. Ukiondoka taratibu utawapita wengi wao kilomita ya 15, wakiwa wameshika viuno. Tembea kidogo kwenye vituo vya maji ukitaka. Na ukihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, simama. Mbio nyingine zitakuwapo mwakani.

Kwa wazazi

Mzazi, mwanao akitaka kukimbia usimkataze kwa kuhofia masomo, wala usimsukume kwa kuota pesa. Mtoto asikimbilie kilomita 42. Waandalizi wengi huweka kikomo cha umri kwa sababu mifupa yake bado inakua. Mbio fupi, kandanda, kuruka kamba na kuogelea vinamtosha. Akiwa na kipaji, walimu watakiona, kama yule mwalimu wa Kakuma alivyokiona cha Rose.

Na wewe uliyelipa ada, kalenda iko ukutani. Hesabu majuma kuanzia siku ya mbio ukirudi nyuma. Yakiwa 16, una bahati, anza kesho kwa dakika mbili za kukimbia na mbili za kutembea. Yakiwa manne tu na hujawahi kukimbia, waombe waandalizi wakuhamishie kilomita 5 au 10, na zile 21 uziweke za mwaka ujao. Watakaokucheka hawatakuwapo utakapougua goti.

Siku hiyo ikifika, ukamaliza wa mia tisa na kitu, usiinamishe kichwa. Rose alimaliza wa saba kati ya kundi lake, na bado wasichana wa Kakuma wanaanza mazoezi kila alfajiri kwa sababu walimwona akikimbia.